Karibu niuze ng'ombe wa maziwa nilipie "Founder Membership" ya shule ya bunduki

Wakuu, hamjambo. Wale wa kwetu mlimani nawasalimu kwa kwetu, muga.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nasoma nyuzi zenu nikiwa kwa kaunta, nacheka peke yangu, wateja wanadhani nimeanza kurukwa na akili. Leo na mimi wacha nitoe yangu. Ni kweli tupu, sijaweka chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, na ile shule sitaitaja, kwa sababu sijui sheria yoyote waliyovunja. Wao walikuwa wanauza, mimi nikawa nanunua kama mtu amefungwa macho.

Kama una haraka pita, hii ni ndefu.

Niko Githongo, huku Meru. Nina hardware ndogo pale sokoni, misumari, simiti, mabati, na shamba la kahawa nililoachiwa na baba. Mke wangu nitamwita mama Kendi. Kendi ndiye kifungua mimba wetu, yuko sekondari, boarding.

Halafu tuna ng'ombe mmoja wa maziwa. Huyo mshike vizuri, kwa sababu yeye ndiye story yote. Mama Kendi anamkamua kila asubuhi, maziwa yanaenda dairy, na pesa ya dairy haipiti kwa mkono wangu hata kidogo. Inaenda karo ya Kendi. Hivyo ndivyo tulipatana mimi na mama Kendi, na mtoto hajawahi kurudishwa nyumbani hata mara moja.

Sasa.

Msimu wa kahawa uliopita, vijana wawili waliniingilia dukani jioni nikifunga. Mmoja alikuwa na kitu ndani ya jacket. Mpaka leo sijui kama ilikuwa bastola ama kipande cha bomba la maji. Na mimi ndiye nauza bomba za maji! Lakini wakuu, ukishalazwa kifudifudi kwa sakafu yako mwenyewe huulizi kitu ni cha inchi ngapi.

Walichukua mauzo ya siku, simu, na redio. Hiyo redio iliniuma kweli.

Hawakunigusa, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo, ikifika saa ya kufunga, mikono inatetemeka mpaka kufuli inanishinda. Mtu mzima na ndevu zake. Nilikuwa naambia watu ni baridi. Githongo kuna baridi, kwa hivyo waliamini.

Nilipoenda kuandikisha ile kesi, nikauliza afisa mmoja pale kama naweza kupata bunduki yangu. Alikuwa muungwana. Akanieleza kwamba leseni inatoka kwa bodi ya serikali, unaomba, unachunguzwa, unaulizwa sababu, na lazima uonyeshe umefunzwa vizuri. Wakiona unafaa watakupa, wakiona hufai utarudi kwa misumari yako. Akaniambia, "Anza na mafunzo, mzee, hayo mengine yatafuata."

Nikarudi nyumbani na neno mafunzo kichwani. Wiki hiyo hiyo shemeji yangu akanitumia poster kwa WhatsApp.

Shule ya bunduki, huko chini Embu, upande wa Mbeere kwenye joto. Open day. Kuingia bure. Nyama choma ipo.

Mtu wa mlimani ukimwambia nyama ipo na kuingia ni bure, si ushamaliza? Nikawasha pickup nikashuka.

Wueh.

Huko nje ni miiba na mawe na mbuzi, lakini ukipita geti unadhani umeingia hoteli ya watalii. Mahema meupe. Maji ya chupa baridi. Kila mtu ananiita "sir". Mimi sokoni naitwa "wewe wa misumari".

Kulikuwa na mwalimu wao, wote wanamwita Coach, mzee aliyestaafu kazi za usalama, mpole, sauti ya chini. Huyo sina ubaya naye hata chembe. Alitufundisha kwanza jinsi ya kutoshika bunduki, kabla ya kutufundisha kuishika. Halafu akanipa zamu.

Risasi ya kwanza ilienda kwa udongo. Ya pili ikagusa ukingo wa ile karatasi ya shabaha.

Na mikono haikutetemeka. Wakuu, nilikaribia kulia pale pale. Nilijisikia mtu tena. Nilikuwa nimesahau vile inakaa.

Sasa mtu akiwa kwa hiyo hali, moyo umefura hivi, ndipo wanamletea yule dada wa packages.

Dada smart, ana tablet, anatabasamu, jina langu ameshalijua. Kuna Silver, kuna Gold, halafu kuna Founder. Founder ni ya maisha. Founder wanawekwa kwa ukuta, jina lako kwa chuma, watu wakiingia wanalisoma.

Hapa wacha nieleze wale ambao si wa kahawa, mtanielewa.

Kwetu, babu alijiunga na society ya wakulima wakati factory ya kahawa inajengwa. Akapewa namba. Ile namba ni mali ya nyumba. Baba aliirithi, nami nikairithi. Ukiwa na namba unaenda AGM, ule mkutano wa mwaka, unakaa mbele, unauliza kamati maswali mpaka watoe jasho, unapewa soda na mkate wako, na bonus ikitoka inatoka kwa jina lako. Na zile familia ambazo babu zao walichelewa kujiunga, mpaka leo tunawaangalia kwa jicho la pembeni kidogo.

Kwa hivyo mtu wa kahawa ukimwambia aingie mapema na awe wa kwanza, akili yake haibaki kwa bunduki. Inakimbia kwa factory.

Nikamuuliza dada kama mtoto wangu anaweza kurithi. Akasema, "Of course sir, ni legacy."

Nikamuuliza kama sisi wa kwanza tutatambuliwa shule ikikua. "Definitely."

Nikamuuliza kama itapanda thamani. "Sir, tayari inapanda. Hii bei inaisha Monday ya wiki ijayo."

Nikamuuliza ya leseni. Hapo akazunguka kidogo, akasema members wao "wanapata support". Nilipaswa kusimama hapo. Sikusimama. Nilikuwa nishajiona babu wa ukoo mzima wa walenga shabaha, wajukuu wanaonyeshwa jina langu kwa ukuta.

Nikaomba karatasi ya makubaliano nikasome nyumbani. Akasema atanitumia kwa email. Bado naisubiri.

Bei siandiki hapa. Niseme tu ni ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye mimba, ukiongeza mbuzi wawili.

Mnaona nilikuwa naelekea wapi.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama Kendi yote, kwa furaha, nikimwonyesha picha nimeshika bunduki na miwani. Aliniacha nimalize. Alikuwa anachambua maharagwe. Halafu akasema, "Baba Kendi, wewe ukikosewa chenji unatupa kofia chini. Sasa unataka bunduki?"

Nikakasirika. Nikatupa kofia chini.

Basi tukanyamaziana siku kadhaa, chakula kinawekwa mezani bila maneno. Mwishowe nikamwambia nimeongea na Kinoti, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Mikinduri, na atakuja Jumamosi mchana. Nilitarajia vita. Nilikuwa nimejipanga na majibu. Nikamwambia karo ya Kendi tutaona na kahawa, Mungu ni mwema.

Mama Kendi akasema, "Sawa."

Sawa tu! Halafu akauliza kama si hiyo Jumamosi ndiyo wanachama wa ile shule wanakutana. Nikasema ndiyo, nimealikwa nikaone kabla ya kulipa Monday. Akasema, "Basi tunaenda wote. Si ulisema ni ya familia?"

Nikafurahi. Nikaona hatimaye mwanamke ameona maono.

Nyumbani tulimwacha mamangu. Nikamweleza vizuri, Kinoti akija ampe ng'ombe, pesa atanitumia kwa simu. Mamangu akaniangalia, akasema "Ii," yaani ndiyo, nikaondoka.

Jumamosi hiyo mngeniona. Nilivaa suti ya harusi na sherehe. Mama Kendi akavaa kitenge kipya na viatu vya kanisa. Joto la Mbeere likatupokea. Tukaingia kwa hema, nikaenda safu ya mbele kabisa, kalamu mfukoni, kama AGM ya kwetu.

Wenzangu wote wako na kofia za jua na T-shirt. Mimi na tai.

Bwana mmoja akasimama, akaanza kuelezea package mpya, iko juu ya Founder. Juu ya Founder! Yaani hata sijalipa na nishapitwa. Akamaliza, akauliza kama kuna swali.

Nikainua mkono. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti.

Nikauliza hesabu za mwaka uliopita zitasomwa saa ngapi. Nikauliza kamati inachaguliwa lini. Nikauliza sisi Founders tutapata kiasi gani shule ikipata faida.

Mtu mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine. Yule bwana akasema, "Mzee anatufurahisha leo," akaendelea na slide zake.

Damu ikanipanda. Sisi watu wa Meru tunasemwa tuna hasira na siku hiyo sikutaka kuwaangusha waliosema. Mkono ulikuwa ushafika kwa kofia, ni vile tu sikuwa na kofia. Mama Kendi akanivuta koti nikakaa.

Walipotoka kwenda kwa nyama, mzee mmoja akanijia. Mzee Ireri, mtu wa huko huko Mbeere, anafanya biashara ya mbuzi. Alikuwa amecheka pia, akaniomba msamaha kwa hilo. Halafu akaniambia maneno ambayo nitazeeka nayo:

"Kijana wa mlimani, hapa hakuna kamati. Hapa kuna mwenyewe."

Akaketi na sisi. Yeye ni Founder, jina lake liko kwa ukuta, alinionyesha. Akasema ile card inakufungulia geti na kukupa kiti kwa kivuli. Risasi unanunua. Mwalimu unalipia. Kila mwaka kuna pesa ya matunzo. Ukifa mtoto anaweza kuchukua nafasi yako, lakini naye analipia kubadilisha jina. Na siku za shabaha ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo soko la mbuzi, kwa hivyo anakuja mara moja moja, anakula nyama, anaongea na watu.

"Mimi silii," akasema. "Nilitaka mahali pa kupumzika na nimepata. Wewe umekuja kutafuta nini?"

Nikamwambia ukweli. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu, na mke wangu yuko hapo anasikia. Nikasema wezi walinilaza chini na tangu hapo mikono inatetemeka nikifunga duka.

Mama Kendi akaweka sahani chini. Hakuwa anajua. Hata yeye nilikuwa nimemwambia ni baridi.

Mzee Ireri hakucheka. Akaniuliza kama nimeuliza Coach kuhusu kozi fupi tu. Akasema leseni yake aliipata kitambo, na alichoonyesha ni cheti cha kozi, kabla hata hajajua kuna kitu kinaitwa membership.

Nikamfuata Coach. Nikamuuliza kwa adabu kama mtu anaweza kufunzwa bila kuwa member. Akasema, "Ndiyo. Unalipia kozi, unafanya, unapewa cheti, unaenda nyumbani. Membership ni ya mtu anayependa kupiga shabaha kila wikendi. Wewe ukija hapa kila wikendi, duka anafunga nani?"

Kozi yenyewe bei yake hata jogoo wangu angeisikia asingeshtuka. Sawa, hapo nimeweka chumvi kidogo. Lakini ng'ombe hahusiki.

Ng'ombe!

Nikaangalia saa. Kinoti alikuwa wa mchana na mchana ulishapita. Nikampigia mamangu, hashiki. Nikampigia Kinoti, mteja hapatikani. Nikaangalia message za pesa, hakuna, nikasema labda ni network ya huku. Nikamwambia mama Kendi tuondoke sasa hivi.

Na hapa wakuu ndipo nilimwona mke wangu vizuri. Tuko njiani, mimi naendesha kama mtu anakimbizwa, naona karo ya Kendi ikipanda lori kwenda Mikinduri. Yeye ananiambia nisimame, kuna akina mama wanauza ndengu kando ya barabara.

Nikamwambia ng'ombe ameenda! Akasema ndengu za huku ni safi na bei ni nzuri.

Akashuka. Akachagua. Akabargain. Akaomba nyongeza, akapewa. Akaonja moja kwa meno. Mimi nimeshika usukani nasali na kutukana kwa wakati mmoja, Mungu anisamehe.

Tulipanda mlima. Kufika nyumbani nikaruka kutoka kwa gari nikaacha mlango wazi.

Ng'ombe alikuwa zizini. Anatafuna nyasi za napier. Akaniangalia, akaendelea.

Niliketi kwa ndoo iliyopinduliwa nikiwa na suti yangu. Sitaki kuwadanganya, machozi yalitoka.

Mamangu akatoka jikoni akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamuuliza Kinoti yuko wapi. Akasema alikuja, akasubiri, akanywa chai vikombe viwili, akaenda amenuna, na ametupa maneno kuhusu wanaume wasiojua wanachouza.

"Si nilikuambia umpe?"

Mamangu akanishangaa kabisa. "Nitampaje na mwenye kukamua hayuko?"

Wale ambao si wa kwetu, wacha nifafanue. Nyumbani kwetu ng'ombe wa maziwa hatoki zizini kama yule anayemkamua hajamtoa kwa mkono wake. Mwenye kukamua ndiye anashika kamba, anamtoa nje, anamkabidhi mnunuzi. Asipokuwepo, hakuna kuuza, hata kama mwenye boma amepiga simu kutoka Nairobi. Bibi yangu alifuata hivyo, mamangu anafuata hivyo. Mimi najua hii kitu tangu utotoni, na kichwa kilikuwa kimejaa Founder mpaka nikaisahau.

Lakini kuna mtu hakuwa amesahau.

Nikageuka. Mama Kendi alikuwa anamimina ndengu kwa ungo, polepole, viatu vya kanisa bado miguuni.

Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Kwani ulifikiri nilivaa hivi nikaone bunduki?"

Wakuu, nilicheka mpaka majirani wakaja. Mamangu naye akacheka, na hakuwa anajua tunacheka nini.

Jioni hiyo mama Kendi akaniuliza kuhusu mikono. Hakuniuliza kwa ubaya. Tukaongea vile hatukuwa tumeongea tangu wale wezi waje. Nikamwambia ukweli, kwamba si bunduki tu nilikuwa nataka. Nilitaka kuitwa sir. Mtu akikulaza chini kwa duka lako unatafuta kitu cha kukuinua, na mtu yeyote akija na kitu chenye jina kubwa unakishika.

Tangu hiyo wiki anakuja dukani saa ya kufunga. Tunafunga pamoja na mwenye duka la nguo jirani, na yule wa chemist. Kufuli nafunga mimi mwenyewe. Inafunga.

Kozi nilienda nikafanya, kwa Coach huyo huyo, nikapata cheti. Maombi niko nayo kwa njia ya sheria, na wakininyima sitalia. Yule dada wa tablet bado ananitumia message kila mwezi, ati offer imerudi. Ilikuwa inaisha Monday, kumbe kuna Monday nyingi.

Somo langu ni hili, na kama una lako ongeza.

Jua kwanza unachotaka. Kama ni mafunzo, nunua mafunzo. Kama ni kilabu cha kuburudika na pesa unayo, jiunge, Mzee Ireri ana raha zake na simlaumu. Lakini uliza risasi ni ya nani, mwalimu analipwa na nani, utakuja mara ngapi kwa ukweli wako na si kwa ndoto zako. Karatasi isome ukiwa kwako, umekula, hujashikwa na furaha ya kulenga shabaha. Na mtu anayeuza membership hana leseni ya kukupa, hata akikuita sir kutoka asubuhi hadi jioni.

Kitu kingine, mwambie mke wako unachoogopa. Ningesema mapema, ningeokoa mafuta ya pickup.

Naona nimeandika sana. Semeni wakuu, kuna mwenye amewahi kulipia hizi membership kubwa, za bunduki ama gym ama chochote? Ulizitumia kweli, ama jina liko kwa ukuta na wewe uko nyumbani? Wenye kejeli karibuni pia, nimeshazoea.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Kendi bado yuko shule. Na juzi nilimwomba mama Kendi anifundishe kukamua, nimsaidie asubuhi.

Amekataa katakata. Anasema siku nitakapojua kukamua, ndiyo siku huyu ng'ombe atauzwa.